Mahojiano yanachangamka, tiketi hazitoki: kutafuta hitilafu kwenye tambo za mieleka

Katika mieleka ya maonyesho, ile ambayo mwisho wa pambano hupangwa kabla, mahojiano ndiyo yanayotakiwa kuuza tiketi. Mwanamieleka kapewa maiki, katamba dakika nne, ukumbi umeitika, na wiki ya pambano viti bado viko wazi. Au ukumbi umenyamaza tangu sentensi ya pili. Au mashabiki wanamshangilia yule waliyetakiwa kumzomea. Mara zote lawama hukimbilia mdomo: huyu hajui kuongea, tutafute mwingine. Mimi mdomo huukagua mwisho. Hitilafu nyingi huanza kabla maiki haijawashwa, pale ambapo hakuna aliyekaa akaamua pambano hili linakuja kujibu swali gani.

Mahojiano yaliyokamilika humwachia mtazamaji jambo linalomkera kwa sababu halijaisha, na analojua kwamba haliwezi kuisha kwa maneno. Litaishia ulingoni, siku iliyotajwa. Hilo likikosekana, ufundi wote wa kuongea unageuka burudani ya bure.

Anza na kipimo hiki

Usijifungie chumbani ukairudia video mara kumi. Mtafute mtu aliyeangalia kipindi, asiwe wa ndani ya kampuni, umuulize kesho yake: nani anapambana na nani? Kwa nini? Lini na wapi? Akishindwa anapoteza nini? Tazama jibu linakwama wapi. Akijua yote isipokuwa "lini", una tatizo dogo la kurekebisha leo leo. Akikwama kwenye "kwa nini", usiguse kitu kingine mpaka hapo pawe sawa. Akikwambia "jamaa alichekesha kweli" na jina la mpinzani halikumbuki, anza na dalili inayofuata.

Dalili: kelele nyingi, mauzo hakuna

Sababu ya kawaida ni kwamba kelele zile hazikuwa za pambano. Mwanamieleka ana msemo wake, ukumbi mzima unaujua, anauanzisha na watu wanaumalizia kwa pamoja. Wameshapata walichokifuata, na msemo wenyewe haujawaambia lolote kuhusu mpinzani. Uhamishe uwe wa mwisho, baada ya sababu na tarehe. Siku nyingine wanyime kabisa, hasa siku ambayo mambo yamemfika shingoni. Stelingi, yaani yule wa kushangiliwa, aliyepigwa wiki iliyopita na leo anaanza kwa msemo uleule wa furaha, amewaambia watu kwamba hakuumia.

Sababu ya pili ni zomeazomea za rahisi. Adui, yaani yule wa kuzomewa, anaingia, anautukana mji, timu ya mji, mama zao wote. Watazomea, hilo halina ubishi, ila wanazomea kitu kisicho na wa kukijibu. Tusi la mji linauza pale tu mji unapokuwa na mtetezi ulingoni. Mwaka 1982 mchekeshaji Andy Kaufman aliwatengenezea watu wa mji wa Memphis, Marekani, video akiwafundisha matumizi ya sabuni, kana kwamba hawajawahi kuiona. Yangekuwa matusi ya hivi hivi kama asingekuwepo Jerry Lawler, mwanamieleka wa palepale aliyeitwa mfalme. Kila kejeli ya Kaufman ikawa deni, na mdai alijulikana. Tarehe 5 Aprili wakakutana, Lawler akambwaga kichwachini kwa pigo lililokuwa limekatazwa, akapoteza pambano kwa kuvunja kanuni, na ukumbi ukafurahi kama ameshinda. Kwa hiyo kabla hujamruhusu adui atukane, jiulize nani atalipiza, na kama jina lake limo kwenye orodha ya usiku huo.

Sababu ya tatu inaudhi kwa udogo wake: hakuna aliyetaja siku. Enzi za zamani Marekani, kampuni za mieleka zilipokuwa zimegawana mikoa, jambo hili halikuachiwa bahati. Wanamieleka walisimama studio wakarekodi mahojiano mfululizo, kila moja kwa ajili ya mji wake. Mhojaji anafungua kwa kutaja ukumbi, siku na mpinzani, mwanamieleka anatoa mkwara wake, kamera inakatwa, wanabadilisha mji, wanaanza tena. Kazi ya kuchosha, lakini mtazamaji hakubaki anajiuliza pambano ni lini. Kazi hiyo mpe mhojaji. Mtu mwenye hasira ya kweli hapendezi akisoma ratiba, mhojaji anapendeza.

Dalili: ukumbi umekufa ganzi

Uliza umekufa dakika ya ngapi. Kama ni tangu mwanzo, kagua sauti kabla ya kukagua kipaji. Mwanamieleka anayefoka huku maiki imegusa midomo anatoa mvumo mtupu, na anayeishusha hadi kifuani huku akizunguka kamba anabaki na nusu ya sentensi zake. Walio nyuma hawasikii, na hawatakuja kukulalamikia. Watanyamaza tu, nawe utadhani hadithi imewashinda. Wakati wa majaribio mweke mtu kiti cha mwisho kabisa.

Kama ukumbi uliwaka mwanzoni kisha ukapoa katikati, mtazame mwanamieleka macho. Mtu anayesaka sentensi aliyoandikiwa hutazama juu kidogo, pembeni. Mpinzani amesimama hatua moja mbele yake na hamwoni. Shabiki anapaza neno, ukumbi unacheka, yeye anasubiri kicheko kiishe ili aendelee pale alipoachia karatasi. Akiipata sentensi yake anaimaliza kwa pumzi moja, kwa sauti ileile aliyoanzia. Hapo watu wanajua hawahitajiki, na mtu asiyehitajika huchukua simu yake. Mnyang'anye karatasi. Mwachie mambo matatu: alichotendewa, atakachofanya, siku gani. Maneno ayatafute mwenyewe. Wapo wasioweza, na hao waandikie, ila kwa sentensi fupi za namna wanavyozungumza wakiwa chumba cha kubadilishia nguo.

Kuna sababu nyingine ya ganzi ambayo naiona zaidi kuliko zote: maneno hayamhusu mpinzani huyu. Futa jina lake, weka la mtu mwingine yeyote. Kama mahojiano bado yanaeleweka vizuri, yatupe. Juni 23, 1996, Milwaukee, mwanamieleka Steve Austin alishonwa nyuzi mdomoni katikati ya mashindano ya King of the Ring, na kabla ya fainali akaambiwa mpinzani wake, Jake Roberts, ametoa mahojiano ya mtu aliyeokoka, amejaa Biblia. Austin akashinda, akapanda kwenye jukwaa la mshindi, akamjibu kwa lugha ileile ya sura na aya, ila aya akaitunga mwenyewe kwa jina lake: Austin 3:16. Fulana za maneno hayo ziliuzwa kwa miaka. Hayakutoka kwenye daftari la misemo, yalitoka kwenye kumsikiliza mpinzani usiku uleule.

Urefu sina mengi ya kusema. Wengi wanaopewa dakika nane wana maneno ya dakika tatu. Wape tatu.

Dalili: mpinzani anaonekana si lolote

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa inasikika vizuri inapotendeka. "Nitamfagia. Mzee yule. Takataka ile. Hata mama yangu anamweza." Ukumbi unacheka, mwandaaji anacheka, na pambano limeshakufa. Ukishinda, umeshinda takataka. Ukishindwa, takataka imekushinda. Mtazamaji naye anajiuliza kwa nini alipie kuona kazi ambayo umeshamwambia ni nyepesi.

Tazama Hulk Hogan, bingwa kipenzi cha watu, na lile jitu André the Giant walivyojengwa mwaka 1987. Kwanza kwenye kipindi cha mahojiano cha mwanamieleka Roddy Piper palitolewa vikombe viwili: Hogan akapewa kimoja kwa kuwa bingwa miaka mitatu, André akapewa chake, kidogo zaidi, kwa kutoshindwa miaka 15. Rekodi hiyo ya André ilikuwa ya kutungwa, alishawahi kushindwa, lakini ndiyo iliyotangazwa na ndiyo watu waliyobeba mioyoni. Baadaye André akatokea na meneja Bobby Heenan, adui wa Hogan wa miaka yote. Hakuhitaji maelezo marefu. Kusimama kwake na Heenan kulitosha. Akamtaka Hogan kwenye pambano la mkanda, kisha akamshika fulana akaichana pamoja na mkufu wa msalaba aliovaa.

Sasa angalia Hogan alifanya nini. Hakujibu kwa tambo. Alipigwa na butwaa, akauliza kwa nini, akamsihi rafiki yake, na kifuani alibaki na mkwaruzo wenye damu mahali msalaba ulipong'olewa. Bingwa mwenye misuli kila mahali akaruhusiwa kuonekana mdogo. Kabla ya pambano la Machi 29 kwenye uwanja wa Silverdome, Pontiac, swali la kila mtu lilikuwa moja: mtu huyu anaweza kunyanyuliwa? Kampuni ilitangaza watazamaji 93,173, hesabu ambayo wadadisi wanaibishia hadi leo, lakini kwamba uwanja ulifurika haibishiwi. Na Hogan alipomnyanyua, watu walijua wanaangalia nini.

Tiba basi: mlazimishe kila upande kutaja jambo moja la kweli linalomtisha kwa mwenzake. Adui halazimiki kulitaja kwa heshima, anaweza kulikejeli, bora litajwe. "Ana mkono wa kulia mzito, ndiyo maana nitauvunja kwanza" inauza zaidi ya matusi ishirini. Mwenye mkono amekua, na mtazamaji amepata kitu cha kukodolea macho kengele ikilia.

Dalili: wanamshangilia adui

Chunguza kwanza kama adui anasema kweli. Akilalamika kwamba stelingi anapendelewa, na wiki nzima kampuni imemwonyesha stelingi akipendelewa, mashabiki watakuwa upande wa mlalamikaji, nao wako sahihi. Adui mzuri huanzia kwenye jambo la kweli kisha akaishia pabaya: alionewa, sawa, lakini hasira zake amezimalizia kwa kijana asiyehusika. Sehemu ya kwanza inawafanya wamwelewe, ya pili inawafanya watamani apigwe. Ukiacha ya kwanza peke yake, umejenga stelingi mpya bila kukusudia.

Wakati mwingine ni historia tu, na mahojiano hayana uwezo nayo. Februari 2002, Chicago, The Rock, stelingi wa wakati huo, alisimama uso kwa uso na Hogan, ambaye wakati huo alikuwa adui kamili. Akamtaka pambano la WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote la mwaka, na ukumbi ukalipuka kwa Hogan. Kampuni ikajaribu kurudisha mizani. Usiku uleule Hogan na wenzake walimpiga Rock, kisha wakaligonga kwa lori gari la wagonjwa lililombeba. Unyama wa kutosha kwa adui yeyote. Machi 17, Toronto, watu wakamshangilia Hogan vilevile, maana utoto wao ulikuwa ulingoni. Wanamieleka wale wawili waliusikiliza ukumbi, wakarekebisha uchezaji wao humohumo, na mwisho wakapeana mikono. Ukifikia hapo usishindane na watazamaji kwa kuongeza uovu juu ya uovu. Badilisha kinachoulizwa: badala ya mwema dhidi ya mbaya, liwe pambano la nani mkubwa.

Angalia pia mahojiano ya kukaa kitako. Mtu akisimulia utoto wake kwa sauti ya chini, mbele ya mhojaji mtulivu, ni vigumu kumchukia. Mwaka 1997 mwanamieleka Mankind, kiumbe wa kutisha aliyejifunika uso kwa ngozi, alikaa na mtangazaji Jim Ross akaeleza ujana wake, zikaonyeshwa na video alizojirekodi akiruka kutoka juu ya paa. Mashabiki wakaanza kumpenda. Na ndivyo ilivyotakiwa. Adui wako akihojiwa hivyo na hujakusudia apendwe, dawa ni kutomhoji hivyo.

Dalili: huyu kweli hawezi kuongea

Basi asiongee, meneja amsemee. The Undertaker alikuwa na Paul Bearer, Brock Lesnar alikuwa na Paul Heyman. Masharti ni mawili. Meneja amtangaze bwana wake, asijitangaze yeye. Na mwanamieleka aliyesimama nyuma awe na kitu cha kufanya, hata kama ni kumkodolea mpinzani macho bila kupepesa, maana mtu anayetazama viatu vyake wakati anasifiwa anazibatilisha sifa zote.

Wengine hawana tatizo la kuongea, wana tatizo la kufoka. Wameona wakubwa wakifoka, wanadhani ndiyo kazi yenyewe. Jake Roberts aliongea taratibu, karibu na kunong'ona, na ukumbi ulilazimika kumwinamia ili usikie. Jaribu kumpunguzia mtu wako sauti nusu kabla hujamtafutia meneja. Kama hata hilo halikusaidia, rekodi nje ya ulingo, kipande kwa kipande, uyaunganishe. Hakuna anayejua sentensi ile ilirudiwa mara ngapi.

Dalili: moto umezima kabla ya siku

Mara nyingi mahojiano yote ni yaleyale. Wiki ya kwanza anasema atamvunja, ya pili atamvunja, ya tatu atamvunja sana. Andika kwenye karatasi kila kipindi kimebadilisha nini: nani amejua jambo jipya, nani amepoteza kitu, sharti gani limeongezwa. Mstari usio na jibu, kifute kipindi hicho, mwonyeshe mtu mazoezini, au usimwonyeshe kabisa.

Au umewagombanisha kila wiki. Kila mahojiano yakiishia kwa ngumi, kila meza ya kutia saini mkataba ikivunjwa, mtazamaji ameshaona pambano mara nne bila kulipa. Waweke mbali. Watenganishe kwa video, kwa walinzi, kwa mlango uliofungwa. Wakigusana, iwe mara moja, na mmoja aondoke na deni.

Pia kuna kuwahi kileleni. Mahojiano ya mwanamieleka CM Punk ya Juni 27, 2011, yale aliyoketi juu ya njia ya kuingilia akamsema kila mtu hadi maiki ikakatwa, yalifuatiwa na pambano lake na bingwa John Cena Julai 17, mjini kwao upande wa Chicago, usiku ambao mkataba wake ulikuwa unaisha. Siku 20. Yangetolewa miezi minne kabla, yangepoa. Yenye nguvu kuliko yote yaweke pale ambapo mtu hana muda wa kuyasahau.

Nitaongeza hapa, kwa kuwa wengi wanaiga jambo lile vibaya: maneno ya Punk yalikuwa na siri za ofisini, lakini kila siri ilirudi kwenye swali moja, ataondoka na mkanda au hataondoka nao? Anayemwaga siri za chumba cha kubadilishia nguo bila swali kama hilo anawachekesha watu kumi wanaojua mambo ya ndani, waliobaki wanashangaa. Na akigusa ndoa ya mtu, ugonjwa au msiba bila ruhusa ya mwenyewe, hilo si suala la tambo tena, ni la kumshusha ulingoni.

Dalili: mahojiano yaliuza, watu wameondoka na kinyongo

Ukumbi ulijaa, kwa hiyo wengi hawaihesabu kuwa hitilafu. Itaonekana kwenye mauzo yanayofuata. Linganisha maneno na pambano, neno kwa neno. Ulisema goti lake bovu, je, goti liliguswa? Mwanamieleka Randy Savage alipomwumiza mwenzake Ricky Steamboat koo kwa kengele ya ulingo mwishoni mwa 1986, mahojiano yote yaliyofuata yalizunguka koo lile. Walipokutana 1987 Savage akalirudia koo, akaitaka tena ile kengele, na safari hii ikamponza. Kilichoahidiwa kilitolewa.

Kinyume chake ni mwanamieleka Sting. Kuanzia mwishoni mwa 1996 alikaa zaidi ya mwaka bila kupigana, karibu bila kusema neno, akitazama kutoka juu ya dari za kumbi huku Hogan na genge lake wakitamba chini. Ni kati ya matayarisho bora yaliyowahi kufanywa, na yalifanywa kwa ukimya. Desemba 28, 1997, kwenye onyesho la Starrcade, watu walitaka kitu kimoja tu: amshinde Hogan waziwazi. Wakapewa mwamuzi anayedaiwa kuhesabu haraka ile moja, mbili, tatu ya kumaliza pambano, wakati hesabu ilionekana ya kawaida kabisa, Sting akiwa amelala chini mabega yote mawili, kisha mwanamieleka Bret Hart akaingilia na pambano likaanzishwa upya. Sting alipata mkanda, ila swali walilolilipia watu mwaka mzima likabaki na utata.

Hitilafu hii haitibiki baada ya tukio. Kabla ya kurekodi mahojiano ya kwanza, kaa na anayepanga mwisho wa pambano, aueleze kwa sentensi moja, na sentensi hiyo mpe mwanamieleka, mpinzani wake na mhojaji. Mwisho ukibadilishwa katikati ya safari, kitu ambacho hutokea sana, mahojiano yaliyobaki yarekodiwe upya.